Kikunjio cha utepe wa mshazari: nani akinunue, na nani hakihitaji

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama unashona blauzi, magauni, aproni, bibu za watoto, mifuko au chochote chenye ukingo uliopinda, kikunjio cha utepe kitakulipa siku ya kwanza utakapokitumia. Kama kazi yako yote ni mifarishi, yale mablanketi ya tabaka tatu yenye viraka juu, pamba katikati na kitambaa kizima chini, huna haja nacho, hata kama kila muuza vifaa vya kushonea atakuambia unayo. Na kama umezoea utepe wa pakiti, ule wa dukani uliokwisha kukunjwa, kwa kila kazi, nimekuandikia wewe hasa.

Kwa ambaye hajakiona: ni kijibati cha kukunjia utepe wa kufungia kingo za nguo, kinachotosha ndani ya kiganja, kipana upande mmoja, chembamba upande wa pili. Mkanda wa kitambaa unaingia kwa upande mpana. Ndani, bati limekunjwa kwa namna inayolazimisha kingo zote mbili za mkanda zielekee katikati, kwa hiyo unapotokea upande mwembamba umeshakunjika, na pasi inaufuata hapo hapo kuukaza mkunjo. Juu kuna ufa mwembamba wa kupenyezea ncha ya pini au shazia, ile sindano nene, ili kuusukuma mkanda unapokwama. Kuna na kishikio cha kukivutia. Basi. Hakina betri wala springi, na sioni ndani yake kitu cha kuharibika.

Mimi nimezoea vya Clover, kampuni ya Japani, ambayo inavitoa kwa ukubwa wa 6, 9, 12, 18 na 25 mm. Angalia vizuri namba hiyo kabla hujanunua. Ni upana wa utepe kingo zake zikiwa zimeingia ndani, kabla hujaukunja tena katikati ili uukumbatie ukingo wa nguo. Kwa hiyo upana utakaoonekana kwenye nguo ni nusu yake: cha 12 mm kinakupa pindo la 6 mm, cha 18 kinakupa 9, cha 25 kinakupa 12 na nusu. Mkanda unaouingiza nao uwe na upana wa karibu mara mbili ya namba iliyoandikwa. Kwa kitambaa laini cha pamba, kikunjio cha 18 kinaridhika na mkanda wa milimita 35 au 36. Ukizidi, kingo zinapandana katikati na utepe unakuwa na uvimbe. Ukipungua, upande mmoja unakunjika na mwingine unachungulia nje. Kila kitambaa kina unene wake, kwa hiyo kata kipande cha urefu wa kiganja, kipitishe, kitazame, ndipo ukate mikanda yote.

Nikiambiwa nibaki na kimoja, nitabaki na cha 18. Pindo la 9 mm linapendeza kwenye aproni, kwenye bibu, kwenye mfuko wa mbele wa gauni, na mkono ambao bado haujazoea unaweza kulishona moja kwa moja bila kuyumba. Cha 12 ni cha shingo za blauzi na makwapa, ambako pindo pana hukakamaa. Cha 25 nakitoa kwa vitu vinene: mifuko ya kubebea, vishikio vya sufuria, mikeka ya kuchezea watoto. Cha 6 mm nakiheshimu, lakini simpendekezei anayeanza. Mkanda wake ni mwembamba mno na vidole vinakaa karibu mno na pasi. Kazi yake ya kweli ni mashina ya maua yanayoshonwa juu ya mfarishi, yale yanayopinda huku na huku kati ya majani, na hapo ndipo fundi wa mifarishi anaweza kuwa na sababu ya kukinunua.

Lakini kikunjio hakijui kitambaa kimekatwaje. Ukikilisha mkanda ulionyooka na uzi, kitaukunja vizuri tu, kisha utafika nao kwenye shingo ya mviringo na kuanza kupigana nao. Uzuri wote wa pindo la kufunga uko kwenye mkato, na mkato ni mshazari.

Chukua kitambaa chochote cha kufumwa ukishike mikononi. Kivute kwa kufuata mtande, yaani kwa urefu wa jora: hakivutiki. Kivute kwa kufuata mshindio, yaani kwa upana wa jora: kidogo sana. Sasa kivute kwa kona. Kinanyumbuka mara moja. Nyuzi zenyewe hazijarefuka. Vile vijimraba vilivyo kati ya mtande na mshindio ndivyo vilivyolala upande. Katikati kabisa ya mtande na mshindio, kwenye digrii 45, ndipo vinapolala kwa urahisi kuliko pengine kote. Utepe uliokatwa hapo unafuata shingo, kwapa au pembe ya mviringo ya mfuko bila kutoa vikunjo, kwa sababu upande mmoja unaweza kurefuka huku upande wa pili ukijibana.

Faida ya pili haisemwi vya kutosha, na kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Mkanda ulionyooka ukikunjwa, nyuzi chache zilezile hulala juu ya mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho, nazo ndizo zinazosuguliwa kila siku. Zikilika, pindo linafunguka kwa urefu wake wote. Kwenye mkanda wa mshazari mkunjo unakatizwa na nyuzi nyingi, kila moja ikipita kidogo tu na kwenda zake. Moja ikikatika, jirani zake bado zinashikilia. Nguo ya mtoto inayofuliwa kila baada ya siku mbili inaihitaji faida hiyo zaidi ya gauni la sherehe.

Kuipata digrii 45 si kazi. Kunja kona ya kitambaa mpaka ule ukingo mgumu wa jora ulale sambamba na mshindio, upige pasi kidogo, na mstari wa mkunjo ndio mshazari wako. Kutoka hapo chora mistari kwa rula ndefu na chaki, kata kwa mkasi, au kama unacho kisu cha gurudumu cha 45 mm na mkeka wake, kata kwa hicho. Kingo zinatoka safi zaidi, na kikunjio kinapenda kingo safi. Kuunganisha, weka ncha za mikanda miwili uso kwa uso zikiwa zimekutana kwa pembe mraba, shona kona kwa kona, punguza ubaki milimita 6, ufungue mshono kwa pasi. Usiunge kwa mshono ulionyooka hata kama una haraka. Mshono wa kona unausambaza unene, na utepe ukishakunjwa hakuna mahali ambapo tabaka zote zimerundikana.

Ninapohitaji mita nyingi natumia mraba. Hii ni njia ambayo watu huikimbia kwa sababu maelezo yake yanatisha, ilhali mikono ikiifanya mara moja inaelewa. Kata mraba wa kitambaa. Ukate kona kwa kona upate pembetatu mbili. Chukua pande mbili zilizonyooka, zilizokuwa zimetazamana kwenye mraba wako, uziunge uso kwa uso, ufungue mshono kwa pasi; sasa una msambamba, ambao pande zake mbili zimekatwa mshazari na mbili zimenyooka na uzi. Upande wa nyuma, chora mistari sambamba na zile pande za mshazari, nafasi kati ya mstari na mstari ikiwa ni upana wa mkanda unaoutaka. Kisha zikutanishe zile pande mbili zilizonyooka upate bomba, lakini sogeza upande mmoja kwa mstari mmoja, ili mstari wa kwanza wa huku ukutane na wa pili wa kule. Shona. Sasa anza kukata kwenye ncha inayochomoza, ufuate mstari, uzunguke bomba, uzunguke tena, na mkanda unatoka mmoja, mrefu, bila kuunga hata mara moja zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi: eneo la mraba ugawanye kwa upana wa mkanda. Mraba wa sentimita 50 una sentimita za mraba 2,500. Kwa mkanda wa sentimita 3.5 unapata karibu sentimita 714, mita 7 na ushei, ukiondoa kidogo kinachomezwa na mishono. Kipande cha kitambaa ambacho wengi wangekiona ni kibaki kinakupa pindo la aproni kadhaa.

Sasa pasi, kwa sababu kikunjio bila pasi ni kibati tu. Kata ncha ya mkanda iwe kali, iingize, uisukume kwa shazia kupitia ule ufa mpaka itokee mbele. Ivute kidogo, uipige pini kwenye meza ya kupigia pasi ili isikimbie. Kisha mkono mmoja uvute kikunjio kurudi nyuma polepole, na mwingine ulete pasi nyuma yake, karibu kabisa na mdomo. Siri iko kwenye ukaribu huo. Ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya pasi na mdomo, kingo zinapata muda wa kufunguka, na unachokikaza kwa pasi ni mkunjo uliokwisha kupotea. Usiuvute utepe wenyewe, vuta kikunjio. Mkanda wa mshazari ukivutwa unarefuka na kuwa mwembamba, kisha ukipoa unajaribu kurudi, na pindo linasokoteka. Na kumbuka kwamba bati linapata moto. Kishikio kipo kwa ajili hiyo.

Penye maungio mkanda ni mnene na utakwama. Simama, penyeza shazia, usukume maungio yapite, endelea. Kwa pamba nyepesi, wanga kidogo kabla ya kukata hufanya mkanda uingie bila ubishi na mkunjo ukae. Kitani kinakunjika vizuri sana, pengine kuliko vyote. Polista tupu haishiki mkunjo. Utaukaza, utageuka, utaukuta umefunguka. Shifoni na satini nyembamba zinateleza ndani ya bati na kutoka zimejipinda, na kwa hizo ninakunja kwa mkono na kushona kwa sindano. Jinzi haipiti kabisa ila kwenye kile cha 25, tena kwa shida. Hapa kikunjio kina mipaka yake, na anayeuza angefaa kuisema.

Utepe ukishatoka, ukunje katikati kwa pasi, lakini si sawasawa: acha upande mmoja uzidi mwingine kwa milimita moja hivi. Upande uliozidi uwe nyuma ya nguo. Unaposhona kwa juu, karibu na ukingo wa utepe, sindano itaukamata wa nyuma bila wewe kuchungulia kila mara. Utepe wa pakiti uliokwisha kukunjwa mara mbili umetengenezwa hivyo hivyo, na wengi wanautumia kinyume bila kujua, wakishangaa kwa nini mshono umekosa nyuma.

Kwenye mviringo, umbo litolewe na pasi kabla ya cherehani. Laza utepe juu ya nguo, ufuate mkunjo wa shingo kwa mvuke mpaka utepe wenyewe ulale umepinda. Kwa ukingo ulioingia ndani, kama shingo na kwapa, uvute utepe kidogo sana unaposhona, maana ukingo wake wa nje utaishia kwenye mzunguko mdogo kuliko mshono, na usipovutwa utasimama mbali na mwili. Kwa ukingo uliotokeza nje, kama pembe ya bibu, fanya kinyume: usiuvute hata kidogo, ulegeze, ule mkunjo wa nje upate urefu wa kuzunguka. Na kabla ya kufunga shingo, kata ile akiba ya mshono, kitambaa cha ziada kilichoachwa kwenye patani, karatasi ya kukatia nguo. Utepe unaukumbatia ukingo, hauugeuzi ndani. Ukiiacha akiba, shingo itakuwa ndogo na itakaba.

Nimeusema sana utepe wa kutengeneza mwenyewe, basi niutendee haki ule wa pakiti. Umenyooka, upana wake haubadiliki, uko tayari saa nane za usiku, na kwa kazi za ndani ya nguo unafaa kabisa: kufunika mishono ya koti lisilo na bitana, kurefusha pindo la sketi kwa ndani, kutengeneza vitanzi. Pakiti nyingi zina yadi 3 hivi, yaani mita 2 na robo tatu, na kwa kazi ndogo hizo ni nyingi. Kinachonikera ni kitambaa chenyewe. Mara nyingi ni mchanganyiko wa pamba na polista uliofumwa kwa nyuzi zilizoachana, ukapakwa wanga mwingi ili usimame vizuri kwenye kadi. Wanga huondoka kwenye maji ya kwanza. Kinachobaki ni utepe mwembamba unaoonyesha kila kitu chini yake, na mgumu kwa shingo ya mtoto.

Nina aproni ya pamba niliyoifunga kwa utepe wa pakiti wa rangi ya damu ya mzee. Aproni yenyewe bado ina uzima wake. Pindo limefifia likawa na rangi ya waridi iliyochakaa, na penye ukingo wa mfuko, ambapo mkono huingia na kutoka, mkunjo umekatika. Nyingine iliyoshonwa kwa kipande cha jora lilelile, ikafungwa kwa utepe nilioutengeneza kutoka kwenye mabaki yake, inafuliwa pamoja nayo kwenye beseni moja, na pindo lake limechakaa kwa mwendo mmoja na mwili wake. Hilo ndilo ninalolitaka kwa pindo. Lisiitangulie nguo kufa.

Kuna suala la kurudi pia, yaani kitambaa kupungua. Pamba hurudi inapofuliwa, polista hairudi. Ukifunga kitambaa cha pamba ambacho hakijafuliwa kwa utepe wenye polista, baada ya kufua mwili unajikusanya na utepe unabaki na urefu wake, na ukingo mzima unakuwa na mawimbi ambayo pasi haiyaondoi. Kwa hiyo fua kitambaa kwanza, na kama utepe ni wa pamba, ufue au uloweke nao, hasa ukiwa mwekundu au wa buluu iliyokoza, rangi ambazo hupenda kutoka na kupaka nyeupe iliyo jirani. Kwa vishikio vya sufuria na chochote kitakachogusa moto, usitumie utepe wenye polista kabisa. Polista huyeyuka. Pamba tupu, ndani na nje.

Tuje kwenye mifarishi, ambako nilisema kikunjio hakina kazi. Pindo imara la mfarishi ni la mkunjo mmoja tu: mkanda wa inchi 2 na nusu, karibu milimita 64, au inchi 2 na robo kwa anayependa pindo linalobana, unakunjwa katikati kwa urefu wake, unapigwa pasi, basi umekwisha. Unashonwa upande wa uso, kingo zake mbichi zikilingana na ukingo wa mfarishi, mshono wa robo inchi, yaani milimita 6, kisha ule mkunjo unageuzwa nyuma na kushonwa kwa mkono. Ukingo unabaki na tabaka mbili za kitambaa, na ndiyo nguvu yake. Hakuna kingo za kuelekezwa katikati, kwa hiyo hakuna cha kukunjiwa na bati. Anayenunua kikunjio kikubwa ili afunge mfarishi kwa utepe wa tabaka moja amejipunguzia uimara na kujiongezea kazi.

Tena mfarishi wenye pande nne zilizonyooka hauhitaji mshazari. Mikanda iliyokatwa kukatiza jora inatosha, na inakula kitambaa kidogo. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa mita 7. Ongeza sentimita 30 za kona na maungio. Jora la upana wa sentimita 110 likiondolewa kingo zake linakupa mkanda wa karibu 105, na kila maungio ya kona yanakula kidogo, kwa hiyo kata minane. Kwa mkanda wa milimita 64, hiyo ni sentimita 51 za jora. Mshazari uuweke kwa mfarishi wenye pembe za mviringo au kingo za mawimbi, na kwa kitambaa cha mistari, maana mistari ikilazwa mshazari kwenye pindo inazunguka blanketi lote kwa mwendo ambao hakuna ua wala rangi moja itakayoupata. Huo ni udhaifu wangu wa macho na sitauficha: mfarishi mtulivu, pindo la mistari.

Kona ndiyo inayowatoa watu jasho, na haipaswi. Shona mpaka ubakize milimita 6 kufika pembeni, simama, rudisha mshono kidogo, kata uzi. Unyanyue mkanda juu, uelekee mbali na mfarishi, kwenye pembe ujikunje kwa digrii 45. Kisha ushushe ulale juu ya ukingo unaofuata, mkunjo wa juu ulingane sawasawa na ukingo uliotoka kuushona. Anza mshono kutoka juu kabisa. Ukigeuza nyuma, kona inajikunja yenyewe, kali na safi, mbele na nyuma. Zile milimita 6 ndizo zinazoamua yote. Ukipita, kona inajivuta. Ukisimama mapema, inabaki na shimo. Cherehani ikiwa na mguu wa kutembea, ule unaovuta tabaka za juu na za chini kwa pamoja, uufunge, la sivyo tabaka ya juu itasukumwa mbele na pindo litaishia na mkunjo mwishoni.

Nyuma nashona kwa mkono, kwa mishono iliyofichika ndani ya mkunjo. Kwa blanketi la mtoto mchanga litakaloingia mashineni kila wiki, nashona kwa cherehani na sioni aibu, lakini kwa mfarishi wa kitandani siwezi kuvumilia mstari wa uzi wa nyuma unaokwenda ukiteleza nje ya utepe. Jioni mbili za kushona kwa mkono, blanketi likiwa mapajani, ni sehemu ya kazi ninayoisubiri tangu kukata kiraka cha kwanza.

Turudi dukani. Seti za rangirangi za vikunjio vinne au vitano, zenye shazia na vibanio ndani ya kisanduku kimoja, zinavutia. Nimetumia moja. Vibanio ni vizuri. Kwa pindo nene vinashinda pini. Vikunjio ndivyo vilivyonisumbua: mdomo wa kimojawapo ulikuwa na makali ya bati yasiyosuguliwa, ukanasa nyuzi na kuchana mkanda, na kile kilichoandikwa 18 kilitoa utepe wenye upana mwingine. Kama unanunua kwa macho yako, pitisha kidole ndani ya mdomo, kwa upole. Pakiwaruza ngozi, patachana pamba. Angalia kama pande mbili za mkunjo wa ndani ziko sawa na kama kishikio kimekaza. Vya plastiki tupu mimi sivigusi, kwa sababu pasi inakaa karibu mno. Ni heri kununua kimoja kizuri, kisha kingine kazi ikikidai, kuliko vitano ambavyo vitatu vitalala kwenye boksi.

Kuna na mguu wa cherehani wa kufungia pindo, unaoukunja mkanda, kuuzungusha kwenye ukingo na kuushona kwa pigo moja. Kwa mita nyingi za ukingo ulionyooka au unaopinda taratibu ni wa haraka kupita chochote nilichokitaja hapa. Kona kali hauziwezi, na mviringo mdogo wa kwapa la mtoto unaukimbia. Kwa anayeshona kazi za oda nyingi zinazofanana, sawa.

Kikunjio chenyewe kifute kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kutumia wanga, maana wanga ulioungua ndani yake utaacha alama za kahawia kwenye utepe mweupe utakaofuata. Utepe uliobaki uviringishe kwenye kipande cha kadi bila kuuvuta, uandike upana wake kwenye kadi hiyo, na uufunge kwa uzi, si kwa pini, kwani pini hushika kutu na kutu haitoki. Usitupe vipande. Mita moja na kidogo ya utepe wa 12 mm inatosha shingo ya kiblauzi cha mtoto mdogo na makwapa yake yote mawili.